Afnan Amepona

Nguo zote za Seif huwa tayari Ijumaa. Umpelekee sare ya shule, umpelekee kanzu, umpelekee suruali inayotaka kukunjwa upindo tu, jibu ni lile lile: "Ijumaa." Watu wa Kaloleni, hapa Kisumu, husema fundi huyu ana dini, anaiheshimu siku kuu. Wengine husema ni mvivu. Wote wamekosea. Ukweli ni kwamba neno Ijumaa humtoka bila taabu, ilhali Jumamosi humkaba kooni mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Basi yeye huona afadhali arundike kazi ya wiki nzima siku moja, ashone Alhamisi kutwa kama mtu anayefukuzwa, kuliko mteja amwone amekwama.

Ndivyo alivyoishi. Akiulizwa jina husema, "Fundi." Watu wamemwita mpole hata wamesahau kwamba upole si kimya. Na jioni akifunga duka huwa hoi, lakini si kwa sababu ya cherehani. Cherehani haina neno. Kinachomchosha ni kuichungulia kila sentensi kabla hajaianza, aone neno baya limekaa wapi, kisha alizunguke kama mtu anayeruka madimbwi ya Nyalenda wakati wa mvua. Kazi hiyo haina mapumziko wala hakuna anayekupa pole kwa kuifanya.

Alimwita bintiye Afnan kwa sababu ni jina zuri, na kwa sababu aliweza kulitamka.

Mtoto alipoingia shule, kigugumizi kikamvaa. "M-m-m-mama," alikuwa akisema, jicho limemtoka, mkono unapiga paja. Mwalimu wake, Metrine, alikuja siku moja kuchukua gauni, Ijumaa bila shaka, akasema kuna mtaalamu wa kuwasaidia watoto wenye shida ya kusema, yuko hospitalini kila Alhamisi, ila foleni yake ni ndefu. Rehma, mke wa Seif, akaenda kuandikisha jina la mtoto. Wakangoja hadi wakachoka kungoja.

Mamake Seif, aliyekuwa akiishi nao, hakuwa na haja ya mtaalamu. Kwanza alimlaumu Rehma kwamba alimtekenya mtoto alipokuwa mchanga, na mtoto akitekenywa ndipo kigugumizi kinapoingia. Pili, dawa alikuwa nayo jikoni. Kila Afnan alipokwama, nyanya alimgonga midomo kwa mwiko wa ugali, polepole, bila hasira, kama anayeua inzi.

"Mwiko huu huu ndio uliomponya babako," alikuwa akisema. "Alikuwa hawezi kusema hata neno moja likanyooka. Mwone leo!"

Na Afnan akaacha kukwama. Wiki moja ikapita, ya pili ikapita, maneno yake yakawa machache lakini yamenyooka kama uzi. Hata adabu ikaongezeka: aliacha kumwita Rehma "Mama," akaanza kumwita "Ummi." Nyanya alifurahi hadi machozi, akasema hiyo ni baraka ya madrasa. Rehma hakufurahi sana. "Ummi ni wa huko Mombasa," alilalamika. "Mimi nilikuwa Mama tu, na nilikuwa nimezoea." Lakini naye alishukuru. Alikuwa amechoka, anauza nguo za mtumba Mamboleo, anaondoka alfajiri na kurudi miguu imevimba, na jambo moja kupungua nyumbani lilikuwa nafuu.

Halafu ikaja Jumanne ya chapati.

Seif alikuwa akimpeleka mtoto shuleni, wakasimama kwa Adongo, mama anayepika vitafunio kando ya barabara.

"Baba Afnan, chapo kama kawa?" Adongo aliuliza. Seif akatikisa kichwa kukubali. "Na wewe, nyathina, mtoto wangu, tukupatie nini?"

Mandazi yalikuwa ndiyo kwanza yametoka kwenye mafuta, yamefura, na Afnan alikuwa akiyatazama kwa macho mawili. Midomo yake ikafumba. Ikabaki imefumba. Kidole gumba cha mkono wake kikaanza kuusugua mshono wa sketi. Kisha midomo ikafunguka, na akasema vizuri kabisa, "Chapati."

Seif akautazama mkono huo. Alikijua kile kidole. Alikijua kile kituo kifupi, pale mtu anapolifikia neno, analiona, na kugeuza njia. Afnan hapendi chapati. Nyumbani huwatupia kuku. Naye Seif amekula chapati za Adongo miaka na miaka, na hazipendi vilevile.

Walitembea hatua chache. Mtoto akaiangusha chapati yake mbele ya mbuzi wa watu.

"Afnan," Seif alisema, "ulitaka ile nyingine?"

"Ee," mtoto akajibu. "Ile nyingine."

Wakaendelea kutembea, baba na bintiye, na hakuna kati yao aliyethubutu kulitaja andazi. Hapo ndipo Seif alipoelewa na lile la Ummi pia. Halikuwa la madrasa. Mtoto hakupona. Mtoto alikuwa amejifunza kazi ya babake.

Jioni baada ya magharibi, Rehma aliwatilia chai, akasema hospitali hatimaye imewaita Alhamisi hii, lakini yeye hatafunga kibanda chake. Mtoto amepona, basi nafasi hiyo apewe mwingine mwenye shida.

Seif akaweka kikombe chini. "M-m-m..."

"Mtoto amepona, ndiyo," mamake akamalizia. "Umesikia, Rehma? Hata mumeo amesema."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Watu walimmalizia Seif maneno yake, wakamalizia kombo, naye akakubali kombo hilo kwa kuwa kulinyoosha kungehitaji maneno mengine. Mambo mengi ya maisha yake yaliamuliwa hivyo. Akakiinua kikombe tena.

Lakini Rehma alipotoka kwenda kuosha vyombo, Seif alimfuata bombani.

"Alhamisi twende," akasema. "Hajapona."

Rehma hakugeuka. "Nani amekwambia? Mwalimu?"

"Hapana."

"Basi nani? Ona, Baba Afnan, mimi nimechoka. Kwa mwenye nyumba mimi ndiye nasema. Shuleni mimi. Kwa chifu mimi. Hata mamako nikikosana naye, najitetea peke yangu na wewe umekaa hapo umeinama kwa cherehani. Mimi ndiye mdomo wa hii nyumba, na mdomo umechoka. Ukitaka mtoto aende, mpeleke. Lakini huko utasema wewe."

Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Seif. Mtu anayekufokea bado ana nguvu za kukudai.

Alhamisi alifunga duka, nguo za watu zikiwa bado vipande. Hospitalini wakakaa kwenye benchi hadi Seif akatamani wasiitwe kabisa. Walipoitwa, walimkuta mtaalamu mwenyewe, msichana mmoja mchangamfu aitwaye Winny, ameketi mkekani na vikaragosi vya mbao.

Winny alicheza na Afnan, akamwuliza hili na lile. Nani amekuleta? Baba. Nani amebaki nyumbani? Nyanya. Mamako yuko wapi? Ummi yuko sokoni. Asubuhi unakula nini? Chapati. Majibu yote yalitoka laini, hayana hata kikunjo kimoja.

"Baba, anasema vizuri," Winny alisema mwishowe, akitabasamu. "Tena hiyo ni kawaida, wengi huacha wenyewe. Nyumbani mnamwona bado na shida?"

Mlango ulikuwa wazi, na benchi la nje limejaa akina mama na watoto wao. Ilikuwa rahisi sana kutikisa kichwa, asante, kwaheri, arudi kwenye nguo zake.

"Anajificha," Seif akasema.

"Umejuaje?"

Na jibu la swali hilo lilikuwa moja. Alilitafutia mlango wa nyuma, akalizunguka huku na huku, hakuona pa kupita. Akapiga moyo konde.

"Kwa sababu m-m-m-m..."

Macho yakamtoka. Shingo ikakaza. Kidole gumba kikaanza kuusugua mshono wa suruali. Alingoja Winny amalizie, maana kila mtu humalizia. Winny hakumalizia. Alikaa tu mkekani akimtazama usoni bila haraka, kana kwamba mchana mzima ulikuwa wake, na benchi la nje lingoje.

"...m-mimi pia," Seif akasema.

Hakuna kilichoanguka. Basi akaendelea, maana aliyekwisha kulowa haogopi mvua. "Na-nakula chapati kila siku. Na si-si-sizipendi. Napenda m-m-m-mandazi. Nguo za watu nasema Ijumaa kwa sababu si-siwezi... si-siwezi Ju-Ju-Jumamosi. M-mama anasema alini-ni-niponya. Hakuniponya. Ni-nilinyamaza tu." Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nimechoka, dada. Si-sitaki huyu achoke hivi."

Afnan alikuwa ameangusha kikaragosi. Alimkodolea babake macho, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja.

"Baba," akasema, "kwani na wewe?"

"Na mimi," Seif akajibu.

Mtoto akafikiri. Kisha akamgeukia Winny, midomo ikafumba, kidole kikatafuta sketi. "M-m-m-mandazi," akasema. "Hata m-m-mimi napenda m-mandazi."

Winny alisema Afnan aje kila Alhamisi. Hakuahidi kwamba kigugumizi kitakwisha. Alisema huenda kikapungua, huenda kikabaki, lakini mtoto atasema anachotaka kusema, na hiyo ndiyo kazi. Mwiko ubaki jikoni. Na watu wangoje mtoto amalize mwenyewe.

Walirudi nyumbani alasiri. Rehma alikuwa amewahi kurudi, amekaa kizingitini akijikanda miguu, na nyanya yuko nyuma yake anachambua mchele. Afnan alimkimbilia mamake, akasimama mbele yake.

"M-m-m-m..."

"Subhanallah!" Nyanya akaruka, mchele ukamwagika. "Mmemharibu! Mtoto alikuwa amepona, mmeenda kumharibu! Seif, mmemfanya nini?"

Rehma alikuwa amefungua kinywa kumsaidia mtoto neno. Seif akainua mkono.

"M-m-mwache," akamwambia mamake, mbele ya wote, na sauti yake ikakwama na kutetemeka, wala hakuimeza. "Ha-hakupona, M-m-mama. Hata m-mimi sikupona."

Nyanya akakaa chini polepole, mkono umejaa mchele. Alimtazama mwanawe.

Rehma naye alimtazama mumewe, kisha mtoto, na uso wake ukaanza kuelewa. Wiki zote zile. Ummi. Akamshika Afnan mabega, akafumba kinywa chake, akangoja. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini alingoja.

"M-m-m-m-mama," Afnan akasema. "Tumerudi."