Kifaili Kilichosema Dada Yumo

Dada na mdogo wake walikuwa na ofisi ya kuchora ramani za nyumba, chumba kimoja juu ya duka la rangi. Baba yao alipopooza upande mmoja, dada alihamia kwake kumuuguza, akawa anachorea hukohuko. Mdogo alibaki ofisini na wateja. Michoro yote ilikaa kwenye folda moja ya mtandaoni. Mmoja akihifadhi kazi, mwenzake anaiona.

Kilichowasumbua ni kufuli. Ukifungua mchoro, kompyuta inatengeneza kifaili pembeni chenye jina lako, kuwaambia wengine kuna mtu ndani, wasiguse. Ukifunga mchoro, kinajifuta. Lakini betri ya kompyuta ya dada ilishakufa, na umeme ukikatika kwa baba, kompyuta inazima ghafla, kifaili kinabaki mtandaoni. Mdogo anaambiwa dada yumo, kumbe dada yuko jikoni anakoroga uji. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kuuliza. Mwishowe akachoka, akawa anakifuta tu na kuendelea na mambo yake.

Asubuhi moja mwashi alimpigia. "Bosi mdogo, watu wangu wamekaa wananitolea macho. Ramani ya ile ghorofa iko wapi?"

"Naituma sasa hivi."

Akafungua mchoro. Dada yumo. Akasonya, akafuta kifaili, akarekebisha dirisha moja, akahifadhi, akatuma.

Siku hiyo dada alikuwemo kweli. Tangu alfajiri alikuwa anahamisha ngazi kutoka sebuleni kwenda nyuma ya nyumba, kama mteja alivyoomba. Alipohifadhi, nakala mbili ziligongana, na ya kwake ikasukumwa chini kabisa ya folda kwa jina refu ambalo hakuna aliyelitazama.

Wiki iliyofuata dada alikwenda saiti, akakuta ngazi ya zege imesimama katikati ya sebule. Aliingia ofisini na vumbi la saruji viatuni, hata salamu hakutoa. Akafungua mchoro. Ngazi ilikuwa palepale sebuleni.

"Nilibadilisha hii," alisema. "Au nilidhani nimebadilisha." Akajishika paji la uso. "Mdogo wangu, sikuhifadhi. Kichwa changu siku hizi si changu."

Mdogo alielewa papo hapo. "Umechoka tu, dada," akasema. "Inatokea."

Ngazi ikavunjwa. Mteja alifoka mpaka majirani wakatoka nje, na dada alisimama akiomba radhi, mdogo wake kando yake kimya kama maji ya mtungi.

Siku chache baadaye mdogo alikwenda kumjulia hali baba. Akamwona dada anakagua jiko la gesi, anaondoka, anarudi kulikagua tena. Dawa za baba hazikuwepo kabatini.

"Nimempa jirani atunze," dada alisema. "Naogopa nitampa baba mara mbili. Mtu aliyesahau kazi ya asubuhi nzima, atasahau nini kingine?"

Mdogo akavuta kompyuta iliyokuwa mezani, akashuka mpaka mwisho wa folda, akafungua ile nakala yenye jina refu. Ngazi ilikuwa nyuma ya nyumba, kila kidato mahali pake.

Dada aliinama kutazama, kisha akakaa taratibu. "Kwa hiyo nilihifadhi."

"Ulihifadhi. Mimi ndiye niliyefuta kufuli lako. Nilidhani umeme umekatika kama kawaida."

"Umejua lini?"

"Siku ileile uliyotoka saiti, ulipoingia ofisini."

Baba aliita kutoka chumbani, anataka maji. Dada akaenda kumnywesha, akamgeuza ubavu, akarudi.

"Mteja kunifokea, hilo litapita," alisema. "Lakini nimekuwa nalala na hofu kwamba akili inaniruka. Na wewe ukaniangalia tu."



Kesho yake mdogo alimpigia mteja na mwashi, akawaambia kosa ni la nani. Akanunua betri mpya, na fundi wa kompyuta akapanga vifaili vya kufuli vijifute vyenyewe mtandaoni kompyuta ya mwenyewe ikizimika. Dada alizichukua dawa kwa jirani jioni hiyohiyo. Kazi waliendelea kufanya pamoja, ila kwa muda mrefu maongezi yao yaliishia kwenye michoro na hali ya baba.