Igizo Lisilo na Mazoezi

Mimi ni mtu wa kukariri. Usinicheke. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila tulikariri maisha yetu wenyewe kama watoto wanavyokariri hesabu za kuzidisha: tulizaliwa kilima gani, tulikimbia mwaka gani, nani alifia njiani na nani aliifikia Tanzania. Ofisa akikuuliza leo, na mwenzake akakuuliza mwaka ujao, jibu liwe lile lile, neno kwa neno. Waliojichanganya tuliwaacha kule kule kambini. Sasa niambie, mtu kama mimi ataielewaje shule inayomfundisha mtoto asimame mbele za watu na kusema neno la kwanza linalomjia mdomoni?

Shule yenyewe ni ya Wayahudi, hapa Louisville, Marekani. Nilikuwa nafanya kazi jikoni kwao, jiko ambalo nyama na maziwa, kwa sheria ya dini yao, havikutani hata kwenye sinki, na kwa sababu ya kazi hiyo binti yangu Leya alipata nafasi ya kusoma pale. Kila asubuhi tulipanda basi kutoka mtaani kwetu Beechmont, mimi na aproni yangu, yeye na begi lake. Mwaka ule wa 2015 alikuwa na miaka kumi. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu, hata ukimwuliza kama anataka chai.

Mwalimu wao wa maigizo aliitwa Shira, msichana mwembamba asiyetulia. Siku moja alitukusanya wafanyakazi wote, hata sisi wa jikoni, akatueleza igizo la papo kwa papo. Hakuna maneno yaliyoandikwa, alisema. Mwenzako akikupa kitu, kipokee, kisha uongeze chako. Akisema mvua inanyesha, usimbishie, fungua mwavuli. Na usimwache aaibike peke yake. Alisema hayo si ya jukwaani tu, ndivyo shule nzima inavyotakiwa kuishi, maana kwao kumwaibisha mtu hadharani ni dhambi nzito, karibu sawa na kumwaga damu. Maneno mazuri. Niliitikia kwa kichwa, nikarudi jikoni haraka kabla sijaulizwa lolote.

Maana Leya sikumzaa mimi.

Ni wa mdogo wangu, aliyefariki kambini Leya akiwa na miaka mitatu. Siku ya usaili wa kuja Marekani, ofisa alimtazama mume wangu, Revokatus, akamwuliza kama mtoto huyu mkewe ndiye aliyemzaa. Leya alikuwa amesimama pale pale, ameshika sketi yangu. Kwetu mtu hasemi "huyu ni yatima" mtoto mwenyewe akisikia. Ni kama kumfukuza nyumbani. Revokatus angeweza kuomba mtoto atolewe nje kwanza, lakini hakujua kama mkimbizi anaruhusiwa kuomba. Akasema, "Ndiyo, amemzaa." Ikaandikwa hivyo. Nami nikaikariri, hata uchungu wa kuzaa nikajifunza kuusimulia, mimi ambaye tumbo langu halijawahi kubeba mimba.

Sasa tulikuwa tunasubiri usaili mwingine, wa uraia. Shemeji yangu Jovini alipiga simu kutoka Columbus akasema kuna familia kule Buffalo, mtaa wa Black Rock, imeitwa tena uhamiaji kwa sababu ya mtoto wa namna hiyo, na nyumba wameihama. Kama ilikuwa kweli au porojo, sijui. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Leya hakujua kitu, ndivyo tulivyoamini. Niliogopa serikali isije ikajua, na niliogopa Leya asije akajua, na sikuweza kusema lipi lilinitisha zaidi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Revokatus alikuwa zamu huko ghalani anakofanya kazi, nikakaa peke yangu nyuma, karibu na mlango. Mstari wa mbele nikamwona baba yake Eli. Eli ni yule mtoto aliyezoea kuja jikoni kuomba biskuti za ziada, na ndiye aliyeniambia, mdomo umejaa, kwamba baba yake hufanya kazi uhamiaji. Nilipoiona suti ya yule bwana nilitamani kumshika Leya mkono twende zetu nyumbani. Lakini ningesema nini?

Mwalimu Shira akawaomba watu wataje mahali popote. Mmoja akapiga kelele, "Sokoni!" Mwingine akasema mwezini. Mama mmoja akasema uwanja wa ndege, na Shira akaudaka huo huo. Eli akaruka mbele, akavaa kofia isiyokuwepo, akawa ofisa. Leya akaja polepole, amekunja mikono kifuani kama aliyepakata mtoto.

"Pasipoti!" Eli akasema kwa sauti nzito, na watu wakacheka.

"Hii hapa."

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

Leya akaitazama mikono yake mitupu. Safari hii hakufikiri. "Ni wa mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu amekufa. Lakini ukiandika, andika kwamba ni wangu."

Nilihisi mkojo unataka kunitoka, nasema ukweli. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo. Tutakwenda kwa Jovini. Hapana, Columbus nako watatufikia. Nimpigie Revokatus aache kazi sasa hivi, au nimwache amalize zamu yake ya mwisho kwa amani? Nilikikodolea macho kisogo cha yule bwana. Hakuwa akicheka tena.

Eli naye alikwama. Nilijua atauliza swali la pili, maana maofisa wote wana swali la pili, na hilo ndilo linalokuua. Akainama juu ya mikono ya Leya, akachungulia.

"Ndiyo," akasema, "na pua ni yako kabisa." Akagonga muhuri hewani. "Piteni. Mfunike vizuri, nje kuna baridi."

Watu wakacheka, wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. Mimi nilitoka nje nikamngoja Leya kwenye korido, na alipokuja nikamkamata mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Nani kakuambia?"

Hakuuliza ameambiwa nini. "Hakuna mtu, Mama. Ninamkumbuka."

"Unamkumbuka nani?"

"Yule mwingine. Alikuwa na kovu la moto hapa." Akagusa kiwiko chake. Na kweli mdogo wangu aliungua pale pale, uji ulimmwagikia tukiwa watoto.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Mngenirudisha."

Nyumbani kwetu nilidhani mwenye kuogopa ni mimi peke yangu, na Revokatus kidogo. Kumbe chumba cha pili alilala mtoto anayeogopa kutuzidi, anayepima kila neno ili tusije tukamrudisha kambini kwa kosa la kumkumbuka mama yake. Nilimwachia mkono. Nilikuwa nimemwachia alama za vidole.

"Hatukurudishi popote," nikasema. "Umenisikia? Popote."

"Aliitwa nani?"

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Akatoka baba yake Eli na kikombe chake cha karatasi, na nyuma yake watu wanasukumana kutoka. Alituona, akasimama. Leya hakumgeukia wala hakupunguza sauti.

"Mama yangu aliitwa nani?"

Jibu nililokuwa nimelikariri lilikuwa tayari kwenye ulimi: mama yako ni mimi, acha upuuzi, vaa koti twende. Lilikuwa limetuvusha bahari na lingetuvusha korido ile. Nilimtazama yule bwana, nikamtazama Leya, naye alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa atoke nje.

"Caritas," nikasema. Jina likatoka vibaya, ikabidi nirudie kwa sauti zaidi. "Aliitwa Caritas. Mdogo wangu wa damu. Ndiye aliyekuzaa."

Yule bwana akatuangalia kidogo, kisha akageuka, akawaambia walio nyuma yake wapite mlango wa upande mwingine, akauvuta mlango ukafungwa. Alisikia nini na alielewa nini, sijui mpaka leo, na usaili wetu wa uraia ulikuwa bado uko mbele. Leya alilitamka jina lile polepole, akalirudia, halafu akaanza kulia. Nami nikalia naye, pale ukutani, kwa sababu sikuwahi kumlilia mdogo wangu tangu ofisa aandike kwamba Leya nimemzaa mimi. Mtu uliyemfuta kwenye habari zako unamliliaje?