Siku Tisini na Eda

Kazi nyingine humfuata mtu mpaka mezani kwake, na bado mtu akanusurika kuikosa. Hii ya Wahida binti Mwishehe ililetwa na dereva wa kiwanda cha mananasi, aliyeingia katika steshenari ya Bi Zuwena mjini Bagamoyo akitaka nakala thelathini za tangazo akazibandike. Wahida alitoa nakala thelathini na moja.

Bi Zuwena, mwenye duka, alimwona na akajitia hamwoni. Alijua kwamba msichana wake huyo wa mashine ya kopi ana shahada ya bima, imefungwa kwenye nailoni kabatini mwaka wa tatu sasa. Alijua pia kwamba Wahida amewaandikia barua za kazi vijana wa nusu ya mji, wengi wao wamepata, na mwandishi mwenyewe yuko palepale, wino vidoleni. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini Wahida alikuwa amegaagaa mpaka upwa wenyewe umemchoka.

Alitafutwa mchambuzi wa mafao ya wafanyakazi. Ndiyo kazi aliyoisomea hasa: kuangalia anachostahili mfanyakazi zaidi ya mshahara, akiugua, akijifungua, akistaafu, na wanachostahili watu wake akifa. Jioni alimweleza mama yake, Bi Kibibi, aliyekuwa anashona kofia mlangoni ili apate mwanga wa mwisho. Macho ya Bi Kibibi yalikuwa yameanza kumwangusha. Tundu la sindano alilipata mara ya nne, ya tano. Kofia hizo ndizo zilizowalisha tangu mumewe afe, na Wahida alitaka kitu kimoja tu duniani: apate mshahara, mama aiweke sindano chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayesema nani apewe na nani asipewe?" mama aliuliza.

"Kanuni ndizo zinazosema, mama. Mimi nitazisoma tu."

"Haya. Mungu akufanyie wepesi."

Siku ya usaili walikuwa wanane, wamepangwa kwenye benchi la ofisi ya kiwanda, Kiwangwa, harufu ya mananasi imejaa mpaka kooni. Wahida alikaa karibu na Yunus, kijana aliyetoka Dar na tai yake na viatu vya kujitazamia. Yunus alikuwa anazitaja sheria za kazi kwa namba zake, moja baada ya nyingine, bila ya kuulizwa na mtu. Wahida alitamani kumchukia, akashindwa, kwa sababu kijana alimgawia peremende, wakapeana na namba za simu.

Msaili alikuwa Bwana Mikdad, afisa rasilimali watu, mtu wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wa zile familia ambazo hata kukohoa hukohoa kwa adabu. Aliwapa kila mmoja kitabu cha kanuni za mafao na mafaili kumi ya zamani, majina yamefutwa kwa wino mweusi. Kila faili liandikwe "alipwe" au "akataliwe," na sababu. Muda ni saa moja.

Tisa ya kwanza Wahida aliyamaliza bila ya kutokwa jasho. La kumi lilikuwa la mjane wa mtu wa mashine ya kukamulia, mkazi wa Kiwangwa hapohapo. Kifungu cha saba kilikuwa wazi kama mchana: fedha za msiba atazidai mnufaika mwenyewe, kwa kufika ofisini na kutia saini, ndani ya siku tisini tangu kifo. Mjane huyu alifika siku ya mia moja thelathini na moja. Juu ya faili la asili mtu alikuwa amepiga muhuri: AMECHELEWA.

Wahida alishika kalamu aandike "akataliwe," kisha akairudia ile namba ya siku. Alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. Miezi minne ya mwandamo na siku kumi ni siku mia moja ishirini na nane, pengine pungufu kidogo. Mwanamke huyu alikuwa amekaa eda yake ndani, akaimaliza, akatoka, na siku ya tatu tu akawa mlangoni kwa kiwanda.

Hapo ndipo lilipomrudia lile ambalo hajapata kumwambia mtu. Baba yake alikuwa mtu wa mashamba ya chumvi. Alipokufa, miaka mitano nyuma, mwenzake wa kazini alimletea Wahida fomu ya mafao, akamwambia mama aijaze upesi. Wahida aliitazama, akamtazama mama yake kwenye mkeka, ndani ya nguo nyeupe, hajui mchana wala usiku. Akaona haya. Nani wa kwao humpelekea mwenye eda habari za fedha za maiti wake? Aliificha chini ya godoro asubiri eda iishe. Ilipoisha aliipeleka mwenyewe kwa siri, akaambiwa wakati umepita. Tangu siku hiyo kila kofia iliyoshonwa nyumbani kwao alikuwa anaiona ni deni lake.

Akaandika: "Alipwe." Chini yake akaandika sababu mistari mitatu, na muda ukaisha.

Bwana Mikdad aliwaita mmojammoja. Wahida aliingia, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za nyumbani na za mama kama inavyopasa, ndipo likaja neno.

"Binti yangu, tisa umeyapata yote. Hili moja limekushindaje? Kifungu cha saba si umekisoma?"

"Nimekisoma, baba."

"Na huyu kaja lini?"

"Siku ya tatu baada ya kutoka eda. Huyu hakuchelewa, baba. Kanuni ndiyo iliyomtangulia."

Bwana Mikdad alikunja uso kidogo. "Dini inamruhusu mwenye eda kutoka kwa dharura. Na angeweza kumtuma ndugu yake japo aje aulize."

"Aulize nini? Kaburi halijakauka, nani atakayekuja kuulizia fedha za marehemu? Mtaa mzima utasema alikuwa anangojea afe."

"Nina miaka sita hapa. Hajalalamika hata mmoja."

"Hawatalalamika. Wanaona haya."

"Wewe umejuaje?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa zito. Wahida aliona vizuri kabisa linakompeleka. Nani atampa kazi ya mafao mtu aliyeificha fomu ya mafao chini ya godoro? Angeweza kusema "nimesikia," akatoka salama. Lakini mficha uchi hazai, na mjane wa Kiwangwa hakuwa na mtu mwingine ndani ya chumba kile. Akasema yote, tangu fomu hadi kofia.

Bwana Mikdad alivua miwani akaiweka juu ya faili.

"Mama yangu alikaa eda chumba cha pili kutoka sebuleni kwetu," alisema. "Uji nilikuwa nampelekea mimi mwenyewe. Nilijua siku zake moja moja. Kisha nikaja hapa nikapiga muhuri huu, na wala sikukumbuka." Alivaa tena miwani. "Nenda, binti yangu. Tutakupigia."

Kila aliyepata kutafuta kazi anajua maana ya "tutakupigia." Wahida alirudi Bagamoyo, akashika mashine yake ya kopi. Yunus alimtumia ujumbe kwamba yeye amepata kumi juu ya kumi, na anamwombea heri. Wahida alimjibu kwa hongera, na siku mbili zile akaendelea kuwatolea watu nakala zao.

Alhamisi mchana simu ikalia.

"Kazi ni yako," alisema Bwana Mikdad. "Kumi juu ya kumi tulikuwa nazo tangu zamani, ndizo zilizotufikisha hapa. Nimempelekea mkurugenzi karatasi yako kama ulivyoiandika. Kifungu cha saba kimebadilishwa, siku za mjane zitahesabiwa akishatoka eda. Nimehesabu, tumewakataa wanawake kumi na mmoja. Jumatatu utaanza nao, kwanza huyo wa Kiwangwa. Anaitwa Bi Sikuzani."

Wahida alifika nyumbani akihema. Mama yake aliposikia alishukuru Mungu, akacheka, akamvuta akambusu kichwani. Halafu akauliza kwa furaha, "Walikuuliza nini hata ukawashinda wa Dar?"

Wahida angeweza kusema uwongo mdogo hapo. Alikaa chini kwenye mkeka, akamweleza. Alitaja fomu, alitaja godoro, akaomba radhi.

Bi Kibibi aliendelea kushona tundu mbili, tatu za kofia.

"Niliiona," alisema.

"Lini?"

"Siku ya tisa, nilipogeuza godoro. Niliisoma mpaka tarehe yake. Nikairudisha palepale."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mumewe hana siku kumi kaburini, mwanamke kashika karatasi ya fedha? Nilikuonea haya, mwanangu. Nilisema ukinikuta nayo utadhani baba yako sikumpenda."

Wahida alilia, tena kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya msiba. Miaka mitano wamelala chumba kimoja, kila mmoja akijilaumu kwa upande wake. Mama alimwacha alie mpaka atosheke, akampa upindo wa khanga ajifute.

"Huyo Bi Sikuzani amekwisha kuambiwa?" aliuliza.

"Bado. Naanza Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Umwache siku nne zaidi anajiona mchelewaji, ili iweje? Kiwangwa si Makka. Chukua baibui lako twende."

"Mama, barua ya kazi yenyewe sijaishika. Nitaingia kwa watu kama nani?"

Bi Kibibi alichomeka sindano kwenye kofia, akainuka akitafuta viatu vyake.

"Mtu wa kiwanda atakwenda Jumatatu na barua yake," alisema. "Leo anakwenda mjane mwenziwe, na wewe utanishika mkono njiani, maana sioni vizuri."