Sindano za Hamda

Kazi ya afya ilimpeleka binti yangu Hamda nchi za watu, akasomea kuwasaidia vijana wanaojidunga unga wa kulevya. Aliporudi Michenzani akaweka sanduku la sindano mpya chini ya kitanda changu, awagawie wasichangie sindano moja.

Mimi nikaona haramu. Nikisafisha nyumba kuikaribisha Ramadhani, nikazitia moto nyuma ya jumba.

Alasiri akaja mjukuu wangu Ammar, anatetemeka.

"Shikamoo bibi. Nipe sindano moja ya shangazi."

"Marahaba. Nshazichoma zote. Uache!"

Akacheka. "Bora ungenichoma mimi." Akashuka ngazi.

Hamda aliporudi nikamweleza, najisifu. Akakaa chini sakafuni.

"Mama, unga hukuuchoma. Umechoma sindano tu. Sasa atatumia ya wenzake, na wawili wao washapimwa, wana virusi vya Ukimwi."

Leo siku ya tisa Ammar hajaonekana. Nimemwomba Hamda sindano moja katika alizoleta tena, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nnakaa hapa kwenye ngazi, kila kijana anayepita namwambia:

"Ukimwona Ammar, mwambie bibi yake hatamgombeza tena. Sindano yake nnayo."