Mwanahalima Wanne kwenye Dirisha Moja

Eugenia alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: akiambiwa kazi yake ina kasoro, anaona ametukaniwa mtoto. Kwa hiyo ujumbe wa Dokta Bernard ulipoingia kwenye simu yake pale Maili Moja, Kibaha, chai ilimpalia. "Programu yako inatuchosha. Isipotengemaa kufikia kliniki ya Jumatano, tunarudi kwenye daftari."

Bernard alikuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja ndogo huko Vihingo, wilayani Kisarawe, zahanati pekee iliyokubali kuijaribu programu ya Eugenia ya kutunza kumbukumbu za watoto. Miaka miwili ya maisha yake ilikuwa mle. Hao wakiiacha, nani mwingine angeitaka?

Alipomaliza kununa alikiri kwamba kasoro ilikuwa ya kweli. Kila faili la mtoto lilifunguka kwenye dirisha lake, na siku ya kliniki madirisha kumi na tano yalilaliana kwenye kioo cha kompyuta. Nesi akitafuta moja, anafunga jingine. Dawa yake aliijua. Programu ilikaa kwenye kompyuta bila kuhitaji intaneti, lakini ndani ilishonwa kwa vitu vilevile vya kutengenezea tovuti. Na kila aliyewahi kufungua tovuti ameona vichupo, vile vibao vidogo vinavyojipanga juu ya dirisha, kila kimoja na ukurasa wake. Unabofya unachokitaka, vingine vinakusubiri. Programu yake ingekosaje?

Haikuwa kazi ya lelemama. Kichupo cha pili kilifuta yaliyoandikwa kwenye cha kwanza. Alipokitia adabu, akaona ukifunga kimoja programu nzima inazimika. Siku ya nne vikatulia: kila kimoja kilikumbuka habari zake, kikabeba jina la mtoto, na vikizidi vilijibana vyote vitoshee. Majina ya kujaribia aliyatoa kwao Rombo: Melkiori, Jenifa, Anastazia, hakuna linalofanana na lingine. Akajisifu mwenyewe, maana hakuwepo mwingine wa kumsifu.

Jumatano saa mbili asubuhi alishuka kwenye bodaboda iliyomtoa Mlandizi, vumbi mpaka kwenye kope. Nesi Tatu, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tatu alivielewa vichupo kwa robo saa tu, na akavipenda. Mama akifika, Tatu anafungua faili, anamtuma na mtoto wake nje kwenye mzani, anafungua la mwingine. Saa nne vichupo vilikuwa vinane na hakuna kilichopotea. Eugenia, kwenye kiti cha nyuma, alianza kutabasamu.

Ndipo akaingia Biasha, mkulima wa pale pale Vihingo, ametoka kwenye mzani, amembeba binti wa miaka miwili anayekohoa. Tatu akabofya kichupo, akasoma, akamsikiliza mtoto kifua, akanyanyuka kuchukua amoksilini kabatini. Akasimama na chupa mkononi.

"Biasha, huyu wako si ndiye aliyevimba uso mwaka jana kwa dawa hii hii?"

"Ndiye, sista."

"Basi hapa nimefungua la nani? Mbona halina onyo?"

Eugenia akainama kutazama. Vichupo vinane vilikuwa vimejibana, na vinne vilisomeka *Mwanahalima* na nukta tatu, basi. Bibi wa ukoo ule aliitwa Mwanahalima, na kila mwanawe wa kiume alipopata binti wa kwanza alimpa jina la mama yake. Majina ya baba yalikuwa yamemezwa na zile nukta. Kijijini hakuna aliyewachanganya watoto wale, kwa kuwa hakuna aliyewaita kwa jina peke yake: huyu wa Ashura, huyu wa Anifa, yule wa Biasha. Kompyuta tu ndiyo haikuambiwa.

Eugenia akanyanyua macho. Mtoto alikuwa akimchungulia kutoka kwenye kanga ya mama yake, kamasi zikimtoka, hajui lolote.

"Sista, kosa ni langu," alisema. "Nilidhani jina linatosha."

Tatu akampa Biasha dawa nyingine, akamweleza vijiko na saa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Tatu aliporudi, Eugenia alijikaza kungojea maneno makali.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu, ila wewe hukuuliza. Haya, sogeza kiti. Nikwambie huku tunavyoitana."

Foleni ilipokwisha wakakaa pamoja, mmoja anataja, mwingine anaandika. Jina la mama likatangulia kwenye kichupo, la mtoto likafuata. Onyo likawa alama nyekundu juu ya kichupo chenyewe, isimezwe hata vikibanana vipi. "Na Ashura wapo wawili," Tatu akaonya. "Andika Ashura wa Hussen."

Saa tisa Bernard akaingia. "Vipi, inafaa, au nikatoe daftari?"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Programu sasa ilikuwa nzuri, na Tatu asingemchongea. Lakini Eugenia alimwona tena yule mtoto kwenye kanga.

"Dokta, asubuhi programu yangu nusura imdhuru mtoto. Sista ndiye aliyemwokoa."

Bernard akamgeukia Tatu, naye akaitikia kwa kichwa. Bernard akasema, "Basi yameisha. Daftari."

"Daftari nalo limeandikwa Mwanahalima, Mwanahalima," alisema Tatu. "Miaka kumi na tisa sijakosea kwa sababu watoto hao nimewapokea kwa mikono hii. Mwezi wa sita nastaafu, Dokta. Atakayekuja atawajuaje?"

Bernard alivuta kiti, akasoma vichupo kimoja kimoja kwa sauti ya chini, akafika kwenye alama nyekundu ya wa Biasha, akaigusa kwa kidole.

"Iacheni ibaki hapo," alisema, akatoka.

Eugenia alimshika Tatu mikono yote miwili. "Sista, nakushukuru. Nakushukuru mno."

"Mimi ndiye wa kushukuru. Huo mwezi wa sita ulikuwa unaninyima usingizi." Tatu akavuta kiti chake karibu. "Unaondoka sasa hivi?"

"Naweza kungoja."

Eugenia akafungua faili jipya, na Tatu, amefumba macho, akaanza kuwataja mama wa Vihingo mmoja baada ya mwingine, na watoto wao.