Gauni la Kurudia Nyumbani

Shati lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na mama alilishona kwa vipimo alivyokuwa navyo kichwani. Alimpima mwanawe siku aliyoondoka kwenda kufanya kazi ughaibuni, kijana wa mabega mapana ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma, na mtu wa umri ule, alijiambia, hawezi kubadilika sana ndani ya mkataba wa miaka miwili. Labda atanenepa. Akaacha nafasi ya kidole kwenye mishono ya ubavuni, akalipiga pasi, akalitundika kwenye mlango wa kibanda chake cha ushonaji ili wapita njia wajue nani anarudi.

Kwenye uwanja wa ndege, aliyetoka alikuwa mzee. Mvi zilikuwa zimefika mpaka kwenye nyusi, mgongo umepinda, na mkononi alishika begi lenye kiraka alichokitia mama mwenyewe. Mama alikitazama kiraka kwanza, kisha uso.

"Shikamoo, mama," mzee akasema.

"Marahaba, mwanangu. Habari ya safari?"

"Njema tu."

Watu wawili watatu waligeuka, maana si kawaida mzee kumwamkia mwanamke aliye mdogo kwake. Mama akamshika mkono, wakavuka barabara taratibu, magari yakawangoja.

Nyumbani, baba alikuwa kwenye kiti chake, kile ambacho hata wageni hawakukikalia. Alikuwa fundi baiskeli na mtu wa adabu zake. Mtoto asiyeamkia hakupewa hata maji ya kunywa. Akamwangalia mwanawe kuanzia kandambili hadi mvi, akapiga hesabu yake kimyakimya, akainuka.

"Shikamoo," baba akasema.

"Marahaba, baba."

"Kaa hapa. Mimi nitakaa kwenye ndoo."

Ikawa hivyo tangu siku ile. Shati lilimpwaya Chuma kama bado limetundikwa mlangoni. Mama akalipunguza, akalipunguza tena, vipande alivyokata vikatosha kushonea foronya.

Jirani muuza mitumba, ambaye mumewe alitangulia kwenda huko na kurudi, alikuja kutoa pole.

"Shukuru, shoga. Wako ana meno. Wangu alirudi wa kupondewa chakula."

"Lakini wako alirudi na redio."

"Redio ndiyo. Na hasikii."

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Chuma alikuwa amefanya kazi katika ghala la kufungasha mizigo. Halikuwa na dirisha na taa hazikuzimwa. "Kule siku ni nyingi," alimweleza mama, bila kinyongo. "Zinaingia moja juu ya nyingine. Unaamka zamu, unalala zamu. Ukija kujitazama kwenye kioo, umefika hamsini, na msimamizi anakwambia kaza, mkataba bado mwaka."

Wakala aliyempeleka alipita siku ya mapumziko, viatu vinang'aa, akamwamkia Chuma kwa heshima zote. Mama akamuuliza habari ya ile miaka. Wakala hakukasirika, swali hilo alishalizoea.

"Mama yangu, mkataba ni wa miaka miwili. Nimempeleka, miwili imeisha, nimemrudisha. Hiyo mingine kaitumia mwenyewe."

"Nafasi nyingine ipo?" Chuma akauliza.

"Wanataka vijana, mzee wangu."

Kisha wakala akageukia uani, ambako Kitinda, binti wa mwisho, alikuwa anaosha vyombo. "Na huyu ana umri gani?"

Kitinda alikuwa na umri unaotakiwa. Alikuwa pia na cheti cha ufundi umeme, kimewekewa fremu na kutundikwa ukutani, lakini kiwanda cha mjini kilikuwa kimefungwa, na getini kwake mbuzi waliingia na kutoka wapendavyo. Kazi nyingine haikuwapo ila kumshikia mama kitambaa.

"Huendi," mama akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Mama, hapa nitazeeka vilevile. Tena bure."

Mama akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Akamgeukia Chuma. Chuma alikuwa anajaribu kumtungia uzi kwenye sindano kama alivyomfanyia utotoni, na uzi ulikuwa unalikosa tundu.

"Mwambie mdogo wako kukoje huko."

Chuma akafikiri sana.

"Maji yanatoka saa zote," akasema. "Ya moto na ya baridi."

Akatazama juu. Nao wakatazama juu, kwenye bati jipya alilolinunua kwa mshahara wa huko, ambalo halikuvuja hata tone tangu lilipoezekwa.

Wiki ya safari, mama alimpima binti yake. Alizungusha utepe kifuani, kiunoni, begani, akataja kila kipimo kwa sauti. Kisha akachukua chaki na kuchora vingine. Kiuno alikishusha na kukipanua. Mgongoni akaacha kitambaa cha kutosha kufunika kibyongo. Vifungo akaviweka mbele, vikubwa, vya vidole visivyokunjika vizuri, na ubavuni akatia mfuko wa kuwekea miwani.

"Mama, hili si langu," Kitinda akasema. "Hili la bibi."

"Lijaribu urefu tu."

Urefu nao ulizidi kidogo. Mama akapiga magoti, akapandisha pindo, akakadiria ni kiasi gani mwanamke hupungua kimo akizeeka. Kitinda alisimama wima, hakutikisika, mpaka pini ya mwisho ikaingia. Halafu akalivua gauni, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya begi, mahali pa nguo za kurudia nyumbani.

Asubuhi wakala alipiga honi. Chuma akamkabidhi mdogo wake begi lile lile lenye kiraka. Kitinda akaja mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Mama akamtengeneza kola, ambayo ilikuwa imekaa sawa.

"Sema tena," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia, akalivuta neno hilo kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu, na honi ikapigwa tena.