Aliyebaki Kwenye Mgomo

Mwaka sabini na nne, wakulima wa chai wa kijiji kimoja huko Gesima walikusanyika kwenye banda la kupimia majani wakasema bei hii ni matusi, tugome. Mwenyekiti wao, Machogu, alijiona mtu wa haki. Akasema hapana kuburutana: anayetaka mgomo asimame barabarani, asiyetaka asimame penye michongoma.

Watu wakamwagika barabarani. Penye michongoma akabaki Tryphosa, mjane, peke yake.

"Mama Ongeri, huoni aibu?" Machogu akamwuliza.

"Aibu hailishi watoto. Mwenye ng'ombe na agome, mimi nina hayo majani tu. Lakini wengi wape. Mmeshinda. Sitachuma hata jani mpaka tukutane tena tuamue."

Wakamcheka, na toka siku hiyo wakamwita msaliti. Mtoni wanawake walinyamaza akifika. Kanisani benchi lake likawa pana ghafla. Naye, jamani, alikuwa mtu wa kupenda soga! Majani yake yakarefuka, yakakomaa, naye anayatazama tu kutoka mlangoni, wanawe wakila ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni.

Asubuhi moja akamwona jirani yake Persis, yule aliyekuwa wa kwanza kukimbilia barabarani, akitoka shambani na kikapu kimejaa.

"Persis, mkutano ulifanyika lini?"

"Mkutano gani?"

"Wa kumaliza mgomo."

Persis akatazama chini. "Hakuna mkutano, Mama Ongeri. Watu wameanza tu, mmoja mmoja. Hata Machogu alipeleka jana. Na wewe chuma, nani atakuuliza?"

Tryphosa aliumia kuliko siku ile ya kura. Siku ile angalau walimwambia walichoamua.

Akamfuata Persis mpaka bandani. Walikuwapo wote, wamepanga foleni na vikapu vyao, Machogu mbele. Tryphosa akamwomba aite mkutano hapo hapo, hata wa kusema tumeshindwa, ili na yeye aende akachume.

"Mambo yamekwisha, mama," Machogu akasema, macho kwenye mzani. "Usitucheleweshe."

Foleni ikasogea, ikaisha. Karani, kijana mgeni kutoka Keroka, akamwona amesimama mikono mitupu.

"Mama, majani yako yako wapi?"

"Sisi tumegoma," Tryphosa akasema.